Maji ya Wageni ya Mama Mkubwa

Kazi yangu ni kupima maji, na imeniharibia adabu. Nikikaribishwa maji nyumbani kwa mtu, kabla ya kushukuru nimeshajiuliza yametoka kisima gani na jirani yake kuna nini. Kwa mama mkubwa, dada yake mama, sikuwahi kujiuliza. Kisima chake, chini ya mteremko wa Sekenke, kilichimbwa na marehemu mumewe, na ndicho pekee pale kijijini chenye maji matamu. Visima vingine vina chumvi hadi maziwa yanakatika kwenye chai. Mgeni akifika kwake alipewa kikombe cha maji kwanza, habari za nyumbani baadaye. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake, na aliringa nayo kweli kweli.

Siku hizi mteremkoni, juu ya kisima kile, kuna makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, na madimbwi ambamo wachimbaji huikamata dhahabu kwa zebaki. Ofisi ikanituma kuchukua sampuli kwenye visima vya jirani. Nilipofika, mama mkubwa alikuwa ameshajiandaa. Alikuwa ameyachemsha maji, akayachuja kwa kitambaa cheupe, akayapoza mtungini.

"Jaza chupa zako humu," akasema. "Usije ukatuaibisha huko mjini."

Kwake, kupimwa kisima kulikuwa sawa na kupokea mgeni: unatoa kilicho bora. Nikamweleza kwamba nahitaji maji kama yalivyo kisimani. Nilishusha ndoo mwenyewe huku akinitazama kutoka mlangoni, nikajiona kama mtu anayepekua kabati lisilo lake.

Majibu yalipotoka, kisima cha chumvi cha kule shuleni kilikuwa salama. Chake kilikuwa na zebaki kupita inavyoruhusiwa. Nilishikwa na hasira, ila sikujua nimkasirikie nani, maana wachimbaji wenyewe ni vijana wa kijiji kile kile, wanatafuta ugali. Na maji yale hayakuwa na rangi wala harufu. Utamu wake ulikuwa ule ule.

Nilienda mwenyewe kumwambia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona uso huo?"

Nikamwambia kwamba maji yake si ya kunywa tena, wala ya kupikia.

"Hata nikichemsha?"

"Hata ukichemsha, mama."

Akatazama chini. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kujibu maswali ya afya yake, lakini hakuuliza hata moja.

"Sasa mgeni akija nitampa nini?"



Nilirudi mvua zilipokwisha. Kisima kilikuwa kimefunikwa kwa mabati, na mawe juu yake. Aliitikia shikamoo yangu mikono mitupu, akanipa kiti, akaanza na habari za nyumbani. Nilielewa, na iliniuma. Nikamwambia nina kiu.

"Yapo ya kule shuleni," akasema bila kunitazama. "Hutayaweza."

Akayaleta katika kikombe kile kile cha wageni. Yalikuwa na chumvi kweli. Nikayamaliza, nikamwomba aniongeze.

"Muongo wewe," akasema, akacheka kidogo, akanijazia.