Nesi aliyezima sauti ya mashini ya mama anataka nimsamehe

Admin nifichie jina, huku juu watu tunajuana. Niko na miaka 24, shule niliachia darasa la sita, nalima mboga na mama huku milimani, Wusi. Kuongea mbele ya watu siwezi. Mimi ni wa kuangalia tu.

Mama alikuwa na uvimbe kwa tumbo, tukashuka kliniki moja ya Voi apasuliwe. Joto ya Voi mnaijua, mlango ya thieta walikuwa wameacha wazi, na mimi niko benchi nje. Nikamuona nesi wa dawa ya usingizi, yule kazi yake ni kukaa karibu na kichwa ya mgonjwa aangalie vile anapumua. Mashini ikalia. Akasema, "Hii nayo inapiga kelele bure," akazima sauti, akatoka na simu anacheka. Alisimama karibu anikanyage. Halafu nikasikia daktari ndani, "Mbona damu imekuwa nyeusi? Huyu mtu ameenda wapi?"

Mama aliamka, lakini si mama. Nikimlisha uji ananiuliza, "Kijana, wewe ni wa wapi?" Kliniki wanasema ni presha yake.

Nikapata wakili. Akaniambia kesi iko, lakini bila mimi niliyeona haitasimama. Siku hiyo nilifurahi mpaka chakula ikanishinda.

Sasa mjomba akaniita nyumbani. Nikapata huyo nesi amekaa hapo, analia. Kumbe mama yake ametoka huku juu, Ronge, tuko na undugu. Mjomba akasema nitase. Hata kama tunaenda kanisa, hiyo bado tunafanya: unaweka juisi ya miwa mdomoni, unatema chini, unasema umeachilia, hasira inaisha, na mambo ya korti pia. Wanaamini mama hawezi kupona kama mtoto wake ameshika kinyongo. "Tema, mwanangu. Mama yako apone."

Wote wakaniangalia. Nikainama, nikatema mate. Juisi nilimeza.

Nesi akanikumbatia, "Asante mdogo wangu, umeniokoa." Sasa kila asubuhi ananitumia mstari wa Biblia. Namjibu Amina.

Mimi nataka kumuona kortini akitetemeka, aulizwe alikuwa anachekea nini. Nikilima nawaza hiyo, nikilala ni hiyo. Lakini mjomba amesema ukitasa uongo, anayeumia ni mgonjwa. Na jana mama alikataa uji.

Wakili anataka jibu wiki hii. Nyinyi mmesoma, niambieni: niende kortini, ama nirudi kwa mjomba niteme ya ukweli?