Posa ya Dereva wa Rola

Dada yangu alipoposwa, baba hakuuliza kijana ni wa ukoo gani wala kwao kuna ng'ombe wangapi. Alisikia neno "dereva", na mengine yote akayaacha yajipange yenyewe. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Tuliishi kwenye shamba la pareto la mzungu mmoja upande wa Bahati, mahali ambapo gari likipita mbwa walilikimbiza hadi mpakani, na watu pia wangelikimbiza kama si aibu. Baba alikuwa na magunia ya mahindi ya kupeleka mjini na magoti yaliyokuwa yamechoka kumbeba. Kabla wageni hawajafika, alikuwa ameshawaambia majirani kwamba kuanzia sasa ataingia Nakuru akiwa ameketi mbele, karibu na usukani.

Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu Kampala, nikiwa na koti lenye nembo kifuani ambalo sikulivua hata wakati wa kukamua. Nilikuwa nimesoma historia nyingi na falsafa kidogo, nami niliamini kwamba hakuna jambo lisiloweza kufafanuliwa kwa watu wenye subira. Ndiyo maana nilikubaliwa kuketi na wazee siku ya posa, kando ya baba mdogo.

Wageni walikuja kwa miguu.

"Dereva gani huyu anakuja kwa miguu?" baba mdogo akanong'ona.

"Gari ni ya serikali," baba akamjibu, na hata hilo akalionea fahari.

Kwa desturi yetu msichana huulizwa mbele ya wote kama kinywaji cha wageni kinywewe. Zamani kilikuwa pombe. Sisi watu wa kanisa tulikuwa tumeweka chai mahali pake, lakini swali lilibaki lilelile: akimimina amekubali, na asipomimina wageni watafute njia. Birika lilikuwa mezani limefunikwa kwa kitambaa, na dada alisimama kwenye mlango wa jikoni akingoja kuitwa.

Lakini baba alitaka kuonja utamu wake kwanza. "Kijana, hebu tuonyeshe hiyo leseni. Huyu msomi wangu atusomee."

Miaka ile hatukwenda popote bila karatasi ya ruhusa, kwa hiyo hata mzee asiyejua kusoma alijua kwamba karatasi haibishani na mtu. Kijana alitoa kijitabu kutoka mfuko wa shati, akanipa kwa mikono miwili. Ndani yake aina za magari zilikuwa zimepangwa moja chini ya nyingine. Nikasafisha koo.

"Basi la abiria," nikasoma.

"Eeh!" wazee wakaitikia.

"Limekatwa."

"Limekatwa vipi?"

"Limepigwa mstari wa wino. Haruhusiwi."

"Endelea."

"Lori kubwa, limekatwa. Lori dogo, limekatwa. Gari la kawaida..."

Baba akainama mbele.

"Nalo limekatwa, baba."

"Trekta je?"

"Imekatwa."

"Hata pikipiki?"

"Hata pikipiki."

"Sasa huyu anaendesha nini," baba mdogo akauliza, "kitanda?"

"Rola," kijana akasema kwa upole. "Ile ya magurudumu ya chuma, ya kushindilia barabara. Hii yenu ya kutoka Nakuru ni mimi nimeishindilia, mzee."

Wazee wakatazamana. Baba mdogo, ambaye alipenda dada yangu aolewe na alipenda zaidi karamu, akawa wa kwanza kupata akili. "Ngoja kwanza. Rola na lori, gani nzito?"

"Rola, mzee."

"Basi! Mtu wa kuchunga fahali atashindwa na mbuzi? Lori iko ndani ya rola. Gari ndogo iko ndani ya lori. Huyu ana zote."

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Uso wa baba ukaanza kukunjuka. Hapo mtu yeyote mwenye busara angenyamaza, lakini mimi nilikuwa na elimu.

"Sivyo, baba mdogo," nikasema. "Aina hizi hazimezani. Kila moja ina mtihani wake, na mtu huruhusiwa ile aliyojaribiwa nayo. Uzito peke yake hauhesabiki." Nikaendelea na breki. Nikaeleza tofauti ya gurudumu la chuma na la mpira. Kwenye mlango wa jikoni dada alinitazama kama mtu anayechagua kuku wa kuchinjia wageni.

"Inakimbia namna gani?" baba akamuuliza kijana. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mtu mwenye haraka hunipita, mzee."

Baba akakichukua kile kijitabu mikononi mwangu na kukifunga. Akaanza yale maneno ya heshima ambayo kila mtu anajua yanakoelekea: kwamba mambo haya hayataki pupa, kwamba sisi tutakaa tufikirie, kwamba njia wameshaijua. Msemaji wa wageni akaanza kutafuta kofia yake chini ya kiti.

"Wewe, keti!"

Huyo alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyeolewa Rongai na mume mwenye lori halali kwenye leseni yake. Akamgeukia baba. "Mimi mliniozesha kwa lori. Mlifurahi! Wewe ulikalishwa mbele ukatapika mpaka Gilgil. Hiyo lori imefika Kisumu, imefika Kitale, imefika Mombasa. Unajua mahali haifiki? Kwangu. Nimeambiwa Kitale kuna mtoto ana masikio ya mume wangu."

Kicheko kikalipuka jikoni.

"Mwulize mwenye kuolewa," shangazi akasema.

Dada akaitwa. Baba akamtazama kwa huruma, kama anayempasha habari za msiba. "Umesikia mwenyewe. Hakuna basi, hakuna lori, pikipiki hakuna. Ulijua?"

"Nilijua, baba. Nikipeleka maziwa nilikuwa namkuta anashindilia. Tulikuwa tunaenda sambamba mpaka darajani, tukiongea."

"Na kelele ile yote?"

"Tulikuwa tunapaza sauti."

Baba akamgeukia kijana. "Kwa hiyo vibarua wote wa barabara wanajua habari za nyumba yangu?"

"Walikuwa wananisaidia maneno, mzee," kijana akasema. "Mimi si mwepesi wa kuongea."

Baba alijaribu kukasirika. Alikunja uso, akashika fimbo, akaiweka chini, halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na alipocheka alicheka hadi akafuta macho kwa ukosi wa shati.

"Haya," akamwambia dada. "Hata akikutoroka, mimi na magoti yangu tutamfikia. Unataka tunywe hii chai?"

"Nataka mnywe, baba."

Akafunua birika. Alimmiminia shangazi kwanza, akavunja desturi na hakuna aliyethubutu kusema, kisha baba, kisha wageni, kisha wazee mmoja mmoja bila haraka. Aliponifikia mimi alilipindua birika mpaka mwisho, akanikabidhi kikombe cha majani matupu.

"Hayo ni ya wasomi," akasema, akaenda kuketi.