Leo nimeitikiwa hodi kwenye nyumba ya mzungu

Jamani, leo nyumba ya marehemu imenijibu "Karibu!"

Mnajua natunza ile nyumba ya mzungu mvumbuzi hapa Tinde, na vyombo vyake vya zamani. Kila asubuhi nabisha hodi. Kuingia kimya si adabu, hata kama wenyewe walishakufa.

Leo sauti ikaitika, "Karibu, mama!"

Nikakemea kwa jina la Yesu, fagio juu!

Kumbe ni fundi wa dari. Mwenyekiti wa kijiji alimfungulia mapema, naye amekalia kiti cha mzungu. Kile hata mimi sikikalii, nakifuta tu.

"Mama, mie si pepo," akacheka. "Shikamoo."

Nilipaswa kumwinua.

Lakini tangu mume wangu, Baba Kulwa, afariki, hata kwangu hakuna wa kuniitikia.

Nikammiminia chai ya chupa yangu palepale kitini, akae kidogo.

Mungu anisamehe. Ninyi mngemwinua?