Jogoo wa Kogo Taplelei

Harufu ya manyoya ya kuku yakiungua hunisimamisha njiani hadi leo, hata kabla akili yangu haijajua kwa nini. Katika kambi ya shamba la chai tuliyoishi, upande wa Kericho, tulizoea harufu ya majani mabichi yakinyauka kiwandani, harufu nzito yenye utamu, iliyoshuka pamoja na ukungu kila asubuhi hadi kwenye nyumba zetu zilizojengwa kwa mistari. Lakini kiangazi kile, miaka michache baada ya Uhuru, nilipokuwa naingia darasa la nne, harufu ya chai ilifunikwa. Nyuma ya kila jiko kulifuka moshi wa manyoya. Siku za kawaida moshi wa namna hiyo ungetutoa mate, kwa maana ulitangaza mgeni au sikukuu. Kiangazi kile watu walikuwa wanachoma mizoga.

Sisi tulitoka Maragoli, na mtu wa kwetu akikuambia kwamba kuku si kitu kwake, mpime joto, huenda ana malaria. Baba alifanya kazi kiwandani, Mama alichuma chai, na katika kambi nzima hakuna aliyesumbua wauzaji wa kuku kama Mama. Kuku wa kambini aliwadharau waziwazi, wake mwenyewe wakiwemo. Alisema wanashinda kwenye mitaro wakila maganda na ugali uliochacha, na ukiwapika nyama inaachana na mfupa kabla maji hayajachemka vizuri, haina ladha wala heshima. Wale walioletwa na lori kutoka Mulot, wamebanana kwenye matenga ndimi zikiwa nje, hakuwatazama mara mbili. Wanawake wenzake walimcheka kwamba mshahara ni wa mchuma chai na ulimi ni wa bibi wa meneja. Yeye aliwajibu kwamba rahisi huvunja upishi, akajifunga leso, akashika njia ya Sosiot.

Huko, kwenye vilima vya nyuma ya soko, aliishi Kogo Taplelei. Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, na kila mtu alimwita hivyo. Kuku wake walilala kwenye kibanda kilichoinuliwa kwa miti, wakafunguliwa alfajiri, wakazunguka kutwa kwenye shamba la wimbi lililovunwa na kichuguu cha mchwa, jioni wakarudi wenyewe kunywa maziwa lala yaliyobaki. Mama alinifundisha kuwakagua: pulizia manyoya uone kama ngozi ni ya manjano, bonyeza kifua, tazama kama magamba ya miguu yamelala vizuri, sikiliza pumzi. Kogo alitutazama kwa subira na kicheko kidogo, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kuonja kuku maishani. Wanawake wa rika lake, kwa desturi yao, hawakula nyama ya ndege. Alifuga tu, akauza ghali, na hakubishana na mtu. Usipotaka, alikukaribisha uende zako.

Katikati ya Januari tulipata habari kwamba Baba Mkubwa, kaka yake baba, angekuja kututembelea. Aliyeleta salamu alitaja pia sababu: nyanya yetu kule nyumbani miguu ilikuwa imeisha nguvu, naye alihitaji msichana wa kumchotea maji. Msichana huyo alikuwa mimi. Mama alisikia maneno hayo akiwa anapepeta mahindi, na ungo ukasimama mikononi mwake. Dada yangu Kageha alikuwa amechukuliwa kwa njia hiyo hiyo, kwa muda tu, tuliambiwa, hadi mavuno yapite. Mavuno yalipita, shule haikuonekana tena, na Kageha akaolewa na mtu ambaye hatukumjua, kabla hajafikisha umri wa kubeba mtungi uliojaa. Baba alikuwa mpole kupita kiasi, na kwa kaka yake hakuwa na sauti. Siku zile nililala nikiogopa asubuhi.

Kwetu neno kubwa halizungumzwi kabla ya kula, na mgeni wa cheo kile huletewa kuku mzima, viungo vyote vikiwemo, firigisi ikiwa juu. Kikikosekana kiungo kimoja, umemtukana. Mama aliamini, na hata sasa siwezi kusema alikosea, kwamba mwanamume aliyekula kuku mzuri mkononi mwa mwanamke huona haya kumpokonya mtoto. Basi alitaka kuku ambaye Baba Mkubwa hangemsahau. Jumamosi moja tulipanda kwa Kogo Taplelei, na Mama akamwonyesha kwa kidole jogoo mwekundu aliyesimama juu ya kichuguu, mwenye kifua kipana na makucha ya mfalme.

Kogo alikataa. Huyo ndiye aliyekuwa jogoo wake wa mbegu, baba wa vifaranga vyote vilivyokuwa pale uani. "Huyo hapana uza," alisema. "Chukua ingine." Mama akamweleza habari za Kageha, kisha habari zangu, kwa Kiswahili chetu cha kambini. Kogo alinitazama muda mrefu. Halafu alimtazama mjukuu wake, Chelangat, msichana wa umri wangu, ambaye alikuwa ameanika sare yake ya shule kwenye ua na sasa anamfukuza ndama asiitafune. "Kuku hii ndiyo inasomesha huyu," Kogo akasema, akionyesha uwanja mzima kwa mkono. "Baba yake alikufa. Lakini nimesikia wewe. Kuja Jumamosi ile ingine, utapata." Mama alitaka kupiga magoti, Kogo akamshika mkono.

Wiki hiyo ndipo ugonjwa ulipoingia. Ulianzia kambi ya chini, karibu na mto, ambako kuku mmoja aliinamisha kichwa asiinue tena. Kesho yake walikuwa wengi, mabawa yakiburuta, shingo zimejipinda, kinyesi cha kijani kimewachafua mkia. Jina la kideri nililijua baadaye sana. Wakati ule watu waliuita ugonjwa tu, na kila nyumba iliamini ni wa nyumba nyingine. Kambi ya chini walisema umetoka kwa kuku wa lori. Sisi wa kambi ya juu tulisema ni uchafu wa kambi ya chini. Kuku wakaanza kuuzwa haraka haraka, kuchinjwa kabla ya wakati, kupelekwa kwa jamaa wa mbali. Asubuhi jogoo mmoja akawika, akasikiliza, asijibiwe. Mimi nilisikia ukimya ule kitandani nikajua jambo baya linatujia, ila nilidhani ni Baba Mkubwa peke yake.

Mama alikuwa na kuku mmoja aliyemthamini, koo mweupe mwenye madoadoa, mtagaji asiyechoka. Jumamosi ilipofika alimkamata, akamfunga miguu kwa kamba ya mgomba. Kwa watu wetu, aliyekutendea wema mkubwa hupelekewa kuku hai; fedha ni biashara, kuku ni shukrani. Mkono mtupu haulambwi, aliniambia. Na tulipokuwa tunapandisha kilima akaongeza, polepole, kama mtu anayejisemea, kwamba heri huyu akaishi kule juu kwenye hewa safi kuliko kufa kambini. Koo alikuwa amekaa kimya kwapani mwake. Asubuhi ile hakuwa amemaliza mahindi yake, na Mama alikuwa amesema ni woga wa kufungwa.

Kogo alipokea zawadi kwa mikono miwili. Kuku wa shukrani hakataliwi. Alimtemea mate kidogo ya baraka kichwani, akamfungua, akamwachia kati ya wale wengine, na madoadoa yake yakapotea kwenye umati wa mabawa. Mama akamhesabia fedha zake, akampokea jogoo. Kuhusu ugonjwa hakusema neno. Nilingoja aseme. Njiani kurudi nilimbeba jogoo mimi, mzito na mwenye joto, moyo wake ukidunda kwenye mbavu zangu, na Mama alitembea mbele bila kugeuka.

Tulimficha jogoo chumbani, chini ya kitanda, mbali na kuku wote wa kambi, na Baba Mkubwa alifika siku iliyofuata, Jumapili, baada ya kanisa. Alikuwa mrefu, koti lake lilinuka tumbaku, naye alinitazama kama mtu anayepima kuni, aone iwapo zitatosha. Mama alimbabua jogoo, akamkausha juu ya moshi, akamchemsha taratibu kwa chumvi ya majivu ya majani hadi mchuzi ukaota macho ya mafuta ya manjano. Nyumba nzima ilijaa harufu ambayo majirani, waliokuwa wanachoma mizoga, hawakuisahau. Alipomnawisha mgeni mikono, Mama alimmwagia maji kwenye viatu. Baba Mkubwa alikagua sahani, akaona viungo vyote, akaanza na firigisi. Alitafuna muda mrefu. Kisha akaacha kutafuna, akasikiliza nje.

"Mbona kambi hii haina jogoo anayewika?" aliuliza.

Baba akamjibu kwamba kuna ugonjwa.

"Na huyu?"

"Huyu ametoka mbali," Mama akasema, akiwa bado amepiga magoti. "Kwa watu safi."

Baba Mkubwa akaendelea kula. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia nikikumbatia mkoba wangu wa vitabu, mpumbavu mimi, nikidhani nikiushika sana hawawezi kunichukua. Alikula hadi mifupa ikang'aa, akavunja mfupa wa paja akanyonya uboho. Hatimaye alisema kuku kama yule alimla mara ya mwisho mama yao akiwa na nguvu za kupika. "Mama Kageha, mtoto akae asome," akasema. "Kule nyumbani nitatafuta mwingine." Mama alitoka nje haraka akidai anakwenda kuongeza kuni. Nilimfuata nikamkuta ameegemea ukuta, amejiziba mdomo kwa leso, analia bila sauti. Nilifurahi siku ile kuliko siku yoyote ya utoto wangu, na hilo nalisema kwa sababu ni kweli.

Soko la Sosiot lililofuata, Kogo hakuonekana. La pili vilevile. Mama akanichukua tukapanda. Kabla ya kufika langoni nilijua, kwa sababu kuku wake kwa kawaida tuliwasikia tangu kwenye kijito. Kibanda kilikuwa wazi. Manyoya yalikuwa yamenasa kwenye ua, mekundu na meusi, upepo ukiyachezea. Kogo alikuwa ameketi mlangoni, mikono mapajani, na alitukaribisha vitini.

"Kuku yako ndiyo ilikufa ya kwanza," alimwambia Mama, kwa sauti ya kawaida. "Nilisema ni kwa sababu ya safari. Halafu yangu, yote. Hata kifaranga." Kisha akauliza, "Huko kambini, ilikuwa na ugonjwa?"

"Ilikuwa," Mama akasema.

"Ulijua?"

"Nilijua ya watu. Yangu nilifikiri ni mzima."

Kogo akatikisa kichwa polepole. Nilitamani amtukane, amfukuze, achukue fimbo. Aliinuka akaingia ndani, akarudi na kibuyu, akatumiminia maziwa, kwa kuwa mgeni haondoki kwake na koo kavu. "Mtoto alibaki?" akauliza. Mama akajibu kwamba nilibaki. "Basi kunyweni," akasema. Nilipoinua kikombe nilimwona Chelangat kando ya nyumba, anakandika ukuta kwa samadi, mikono imezama hadi viwikoni. Alikuwa amevaa sare ya shule. Mtoto yeyote wa wakati ule angeelewa. Sare tuliivua mara tulipofika nyumbani, ikakunjwa, ikachungwa kama yai, na msichana anayekandika samadi akiwa ameivaa ni msichana ambaye sare yake haiendi tena shule.

Miaka imepita, mashamba ya chai yamefika hadi kwenye vilima vile, na chanjo ya kideri sasa inauzwa kwenye duka lolote la dawa za mifugo. Mama alizikwa Maragoli. Mimi nilifundisha shule za huku hadi nikastaafu. Siku hizi watu hutoka Kericho mjini na magari kutafuta kuku wa kienyeji halisi, wamechoka na wale wa wiki sita, laini na wasio na ladha, na wanaelekezwa kwa mama mmoja pale Sosiot ambaye kuku wake hutembea kwenye wimbi na kunywa maziwa. Ni Chelangat. Alianza upya na tembe mmoja ambaye hata kutaga hakuwa ameanza, akiwa ameshaolewa na ana watoto. Kuku wake ni wazuri, nyama inashikilia mfupa na mchuzi unaota macho, na ingawa nimepika wengi sijasahau ladha ya yule mwekundu. Anajua mimi ni nani. Siku ile hatujawahi kuitaja. Bei anayonitajia ni ya juu kuliko anayowatajia wengine, nimemsikia kwa masikio yangu, nami sijawahi kumwomba apunguze. Mwezi uliopita mteja mmoja alinihurumia, akaninong'oneza kwamba ninapunjwa. Chelangat alisikia. Alimaliza kumfunga jogoo miguu, akanikabidhi, akamwambia yule mteja bila kuinua macho, "Achana na mwalimu. Yeye anajua bei ya kuku yetu."