Mama mkwe alivyonifundisha kutembea Kisumu

Wakuu, habari za jioni. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi, na bibi yangu, Mama Akinyi, yuko hapa kando anacheka nikiandika.

Nauza viatu vya mtumba soko la Kibuye. Kazi ya kukaa. Daktari aliponiambia pressure imepanda nianze mazoezi, nilikubali kwa mdomo tu. Moyoni nilijua mazoezi ni ya watu hawana kazi. Raba nilijiwekea, tena kali. Customer akaja, nikaziuza.

Basi mama mkwe akatoka kijijini Kombewa kuja kukaa kwetu mtaa wa Kaloleni. Ana sukari, na hospitali ilimwambia atembee kila asubuhi.

Bibi yangu akasema, "Baba Akinyi, Mama hajui town. Utamsindikiza."

Sasa Wajaluo wenzangu mnajua mkwe ni heshima. Huwezi kumkatalia, na huwezi kutembea naye bega kwa bega. Kwa hivyo yeye mbele, mimi nyuma na chupa ya maji.

Wakuu, yule mama anatembea. Siku ya kwanza tulipokaribia ziwa, kifua changu kilikuwa kinalia kama bodaboda mbovu. Nikainama, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa sandals.

Akageuka. "Baba, unaumwa?"

"Hapana, Mama. Naangalia ziwa."

"Angalia ukitembea."

Nikaanza kuomba mvua. Ikanyesha kweli. Akatoka na mwavuli.

Kidogo kidogo pumzi ikaanza kutosha, hata tukawa tunaongea, yeye mbele bila kugeuka. Asubuhi moja akaniambia vile mzee wake alikufa kwa pressure. Kila mara alikuwa anasema ataenda kliniki wiki ijayo. Nikaongeza mwendo.

Sukari yake iliposhuka akarudi kwake. Nilifurahi, nikajua sasa nitalala. Kesho yake alfajiri macho wazi, miguu inawasha. Nikatoka peke yangu.

Juzi kliniki wameniambia pressure imeshuka. Nikampigia simu.

"Sawa," akasema. "Na unatembea haraka, ama ile yako?"

Nilichojifunza: nilikuwa nangoja kwanza nipende mazoezi ndio nianze. Kumbe miguu ndio hutangulia, roho inafuata nyuma polepole. Mwanzoni nilisukumwa na aibu tu, na aibu ilitosha.

Wewe nani alikutoa kitandani? Na kama bado umelala, sema ukweli. Hapa hakuna mkwe.