Ndege wa Sindano na Ua la Kamera

Kitinda mimba wangu tulimwita Sindano kabla hajajua kutembea, kwa wembamba wake. Ulimi wake ulipoota makali, jina likapata kazi ya pili. Leo ni mama mwenye nyumba yake, anatarizi kola za magauni kwa mkono, na nasema bila haya kwamba sijaona wa kumfikia. Mimi shule niliishia ya msingi, lakini mshono naujua. Wa kwake ukiugeuza nyuma, hujui mbele ni ipi. Ndege ndiyo sifa yake, na kila ndege humfichia uzi mmoja mwekundu chini ya bawa.

Kazi anaifanyia chumba kimoja na wifi yake, dada wa mumewe, fundi cherehani. Meza ni moja ndefu: huku cherehani ya wifi, kule vitambaa vya Sindano. Mimi hukaa dirishani nawakatia nyuzi, nasikiliza wanavyochambana.

Basi akatokea mama mmoja wa mji wa pili, mwenye duka la magauni ya harusi. Alitaka kola za ndege za msimu mzima, ila kwanza auone mshono kwa karibu, kwa picha, siku hiyo hiyo kabla hajafunga duka. La sivyo, kazi ingekwenda kwa wenye mashine za kutarizi. Kamera ya simu yake ilikuwa imeharibika, basi Sindano akatoa ile aliyoachiwa na marehemu baba yake, akapiga, akaihamishia picha kwenye simu, akatuma. Jibu likaja upesi: “Dada, naona ukungu. Ndege yuko wapi?”

Akafuta lenzi. Ukungu. Akafungua dirisha lote, mwanga ukajaa mezani. Ukungu ule ule, sasa unang'aa. Akasogea, akarudi nyuma kama anayecheza ngoma peke yake. Wapi!

“Wifi, huyo ndege kesharuka,” akasema fundi cherehani, mguu ukiendelea kukanyaga. “Piga ile kola ya maua. Maua hayana mbawa.”

“Mdomo wako ungekuwa na kifungo, ningeufunga.”

Lakini kwa hasira aliichukua kweli ile kola ya maua, akazungusha kigurudumu kilicho juu ya kamera, akapiga. Picha ikatoka safi kama kitu kilichooshwa!

“Mwanangu, umezungusha nini hapo?” nikauliza.

“Alama, mama. Kuna mtu, kuna mlima, kuna ua. Nimeweka ua, si napiga maua?”

“Na ndege ulimweka wapi?”

“Mlimani. Kwani ndege anaruka wapi?”

Wifi alicheka mpaka uzi ukamkatikia. Sindano hakucheka. Aliitazama kamera, akairudisha kola ya ndege mezani, kigurudumu asikiguse, akapiga. Manyoya yakaonekana moja moja.

“Kumbe mlima ni vitu vya mbali!” akapiga kelele. “Ua ni vya karibu! Ua si ua, mama!”

Furaha ile ilikuwa nusu. Alipoikuza picha, ndege alikuwa na macho mawili upande mmoja.

“Ana pacha,” wifi akasema, akakanyaga tena.

Sindano akaiegemeza kamera juu ya kopo la nyuzi, mkono usiitikise. Macho bado mawili. Ndipo akalaza kiganja mezani, akatulia, kisha akageuka taratibu.

“Wifi, toa mguu.”

“Nina suruali ya mteja hapa!”

“Toa mguu, wifi yangu wa dhahabu, au nitakushonea humo humo kwenye suruali.”

Cherehani ikanyamaza. Meza ikatulia. Hata mimi niliuweka mkasi chini, nikabana pumzi. Sindano akabonyeza.

Jicho moja. Jeusi, kali, linakutazama.

Akatuma. Tukakaa tunaitazama simu kama chungu kilicho jikoni. Ikalia: “Mpaka uzi mwekundu chini ya bawa nimeuona. Mashine haifichi kitu kama hicho. Kola zote za msimu ni zako.”

Nilipiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia. Wifi ndiye aliyewahi mlangoni kuwapa habari.

“Tumepata kazi!” akatangaza. “Tumepiga picha mpaka ikakubali.”

“Tumepiga?” Sindano akauliza kutoka ndani.

“Mguu uliotulia ni wa nani?”