Nilipoomba Nikatwe Zaidi

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini Kisumu. Jioni nilifundisha kazi hiyohiyo kwenye chuo kidogo karibu na stesheni, na Jumamosi nikichapa barua za watu nyumbani kwetu Manyatta.

Siku moja wakati wa chai, mhasibu wa ofisi aliniuliza kama chuoni nako nakatwa kodi.

"Kidogo sana," nikamjibu.

"Basi wanakupa nafuu ya kodi ambayo sisi tumeshakupa. Mtu hupewa mara moja tu, Mama. Mwaka ukiisha utadaiwa yote kwa mpigo. Na hizo pesa za Jumamosi hakuna anayekukata."

Chai ikanishinda. Wiki nzima sikutulia. Darasani nilisahau nilipofikia. Nyumbani niliinuka mezani kabla ya kumaliza kula. Mwishowe nikamwendea mhasibu wa chuo, kijana mcheshi, nikamwomba aiondoe ile nafuu.

"Unataka ukatwe zaidi?" Akamwita mwenzake aje asikie. "Wengine huja hapa kulia wapunguziwe!"

Akaiondoa. Pesa za Jumamosi nikawa natenga sehemu yake, naweka posta.

Mshahara uliofuata, mume wangu, fundi wa magari, aliona pengo.

"Pesa zinaenda wapi? Kwenu Awasi?"

"Zinaenda kwa serikali."

"Nani anajiongezea kodi mwenyewe?"

Siku ya pili yake alichelewa kurudi. Nilichapa kwa hasira, nikiharibu karatasi, nikisimama kila mara kuchungulia barabarani. Kumbe alikuwa ameenda chuoni kuuliza. Alirudi akiwa bado amevaa ovaroli yake ya kazi, akaketi mlangoni.

"Yule kijana amecheka mpaka machozi. Anakukumbuka vizuri." Kisha akashusha sauti. "Ungeniambia mapema, nisingekufikiria vibaya."

Ningemwambia, kama ningeweza kutulia mahali pamoja.

Mwaka ulipogeuka nilitoa akiba ya posta nikaenda ofisi ya kodi kulipia kazi za Jumamosi. Kwa mshahara wa chuoni sikudaiwa kitu. Mume wangu alinisindikiza, na tulipotoka akanipeleka ufukweni kula samaki. Nilikuwa nikitazama saa, maana mteja alikuwa amesema angepita nyumbani jioni kuchukua barua zake.

"Atangoja," akasema, akinisogezea ugali. "Kula kwanza."

Nikala, mguu wangu ukitikisika chini ya meza.